Siku Pata Ilipopotea

Siku ile barazani kwetu, kijijini Kaagya, tulikuwepo hawa: mimi, mkubwa wa nyumba; mdogo wangu wa kiume, anayeendesha bodaboda Hamugembe; mdogo wetu wa mwisho, msichana, aliyekuwa amerudi jana yake kutoka shule ya bweni Muleba kwa mapumziko ya katikati ya muhula; mzee wa Muleba, mwenye kitu kilichopotea; mchungaji mstaafu wa Kilutheri kutoka Nyanga; mama mwenye duka la dawa; na baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu, aliyefika wa mwisho kwa sababu goti lilikuwa linamsumbua. Nawataja wote kwa kuwa kila mmoja wao husimulia habari hii kwa namna yake, na kila mmoja hujipa sehemu kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo.

Shamba letu la migomba na kahawa, kibanja chetu, linaishia pale rweya inapoanzia. Rweya ni uwanda wa nyasi uliobaki kati ya kijiji na kijiji, ambako watu huchunga ng'ombe na kukata nyasi za kutandaza chini ya migomba. Upande wa kwetu ng'ombe wameila rweya mpaka ikawa fupi na laini kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa juzi. Nyasi hizo ndizo zilizotuletea gofu.

Mzee wa Muleba alifanya kazi Nairobi miaka mingi, akikata majani katika uwanja wa gofu, na jioni wenye uwanja wakishaondoka alijifunza kupiga. Alipostaafu alirudi nyumbani na mfuko wa fimbo zilizochakaa. Binti yake ameolewa Nyanga, naye huja kwake mwisho wa wiki kuona wajukuu. Huko Nyanga akampata mchungaji, jirani wa binti yake. Mchungaji akamleta mama wa dawa, ambaye daktari alikuwa amemwambia atembee kila siku, naye akakataa kutembea bila sababu. Wakatafuta mahali pa kuchezea, wakaiona rweya yetu.

Walichimba mashimo madogo, wakazamisha ndani yake makopo ya maziwa ya unga, na kila shimo wakalisimamishia kijiti chenye kibendera cha kitenge. Kijiji kizima kiliamini wanapima ardhi. Bibi mmoja aliamka asubuhi akang'oa vibendera vyote na kuvipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, akisema amekamata mipaka ya watu wanaotaka kutuuza. Ilibidi mchungaji aende na bibi mpaka rweyani na kumwonyesha jinsi mpira unavyosukumwa hadi ukaingia kwenye kopo.

"Ukishaingia, mnapata nini?" bibi akauliza.

"Hatupati kitu, mama."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Bibi akamtazama mchungaji kwa huruma. "Basi chezeni," akasema, akarudisha vibendera mwenyewe kimoja kimoja.

Sisi tulikuwa tukikata nyasi karibu nao, kwa hiyo tulijifunza adabu zao kabla ya mtu mwingine yeyote kijijini. Mtu akijiandaa kupiga, hakuna kusema wala kukohoa. Usikanyage njia iliyo kati ya mpira na shimo. Na mpira ukiukuta umelala mahali, usiuguse. Hilo la mpira tulijifunza kwa aibu. Siku moja mzee wa Muleba alipiga mpira ukapaa mpaka ukadondoka kando kidogo ya kibendera. Mdogo wangu wa kiume, kwa moyo safi kabisa, akaukimbilia, akauokota na kuurudisha mbio hadi kwa mwenyewe huku akihema.

"Mzee, mpira wako huu hapa! Ulikuwa umekwenda mbali sana."

Mzee aliupokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa habari za msiba. Akakaa chini. Mchungaji ndiye aliyetueleza kwamba mzee alikuwa hajapiga mpira mzuri vile tangu atoke Nairobi.

"Mpira uliolala haujapotea," mzee akasema, bado amekaa chini. "Unangoja. Muuache ungoje."

Tangu siku hiyo hatukugusa mpira. Lakini hakuna aliyetuambia habari ya fimbo, na hakuna kati yetu aliyeuliza.

Sasa nieleze jambo moja la nyumbani, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini kifimbo kimoja kilininyima usingizi.

Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla ya msimu mwingine wa kahawa. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Siku ya kumaliza matanga, baba mdogo alitoa mpango wake: mdogo wangu wa kiume aende kwake, wa mwisho aende kwa shangazi Muleba, na mimi nitaolewa siku si nyingi. Nilisimama nikasema tutabaki pamoja kwenye kibanja cha baba, na kama shule ndiyo inayonizuia, naiacha. Niliiacha kweli. Baba mdogo akasema mbele ya wote: "Kaeni. Lakini siku mtu atakaposimama kwenye irembo hili akiulizia kitu chake kilichopotea, siku hiyo nakuja kuwachukua."

Irembo ni njia ya kuingilia nyumbani, ile inayopita kati ya migomba hadi uani. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kwamba watoto wasio na mtu mzima wa kuwakemea watazoea vya watu, na ukoo mzima utasemwa. Nami sikubishana naye. Niliamua tu kwamba siku hiyo haitafika.

Kuku wa jirani alikuwa na tabia ya kuja kutagia kwetu, chini ya mti wa mbuni. Kila yai tulilirudisha. Kuku akazidi kuja.

"Dada," mdogo wangu wa kiume aliniambia siku moja akiwa ameshika yai la moto kiganjani, "huyu kuku anatupima imani."

"Peleka."

"Napeleka. Nasema tu kwamba anatupima."

Tulishika pia kanuni ya baba kuhusu vitu vya kuokota. Ukikuta jembe au panga la mtu limesahaulika njiani, usiliache pale likaota kutu, wala usiliingize ndani ya nyumba yako. Unalitundika irembo, kwenye mlamula, ule mti mwembamba wenye majani marefu ambao kwetu hupandwa mpakani na mlangoni. Jina lake lenyewe kwa Kihaya linatokana na kuamua ugomvi. Kitu kikining'inia kwenye mlamula, kila apitaye anaelewa kwamba kinamngoja mwenyewe. Nimekulia nikiona majembe, mitungi, hata kiatu kimoja cha kwaya vikining'inia hapo, na sijasikia mtu akiitwa mwizi.

Basi Jumamosi moja mvua iliwakuta wachezaji rweyani. Kwetu mvua haibishi hodi. Mama wa dawa alijifunika mfuko wa plastiki, mchungaji akakimbia kwa namna ambayo hatukuwahi kumwona akienda kanisani, mzee akabeba mfuko wake begani, nasi tukaacha mafungu ya nyasi tukakimbilia nyumbani.

Kesho yake Jumapili, alasiri, wote watatu walisimama kwenye irembo letu.

Mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa amekuja kwa ruhusa ya siku mbili kuchukua ada, alikuwa ameshaondoka asubuhi kurudi shule. Nilikuwa uani nachagua maharage. Nilipowaona wamesimama pale, hawaingii, niliweka ungo chini.

"Karibuni," nikasema.

"Tumeshakaribia, mwanangu," mzee wa Muleba akasema. "Samahani kwa kukusumbua siku ya Bwana. Nimepoteza pata."

Mdogo wangu wa kiume alikuwa anafuta pikipiki yake. Akainua kichwa. "Umepoteza au umepata, mzee?"

"Nimepoteza pata."

"Sasa mzee, chagua moja."

Mchungaji akacheka, ikabidi aeleze. Pata ni ile fimbo fupi ya mwisho, ya kusukumia mpira ukishakaribia shimo. Ndivyo wanavyoiita wachezaji. Mzee alikuwa ameipitia rweya shimo kwa shimo, akianzia la mwisho na kurudi nyuma hadi la kwanza, maana adabu ya gofu ni kwamba ukikuta fimbo ya mwenzako unaiegemeza kwenye kibendera cha shimo lililo karibu, au unawakimbilia walio mbele na kuwauliza. Hakukuta kitu kwenye kibendera chochote.

"Jana si mlikuwa mnakata nyasi palepale, karibu na shimo la tatu?" mama wa dawa akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Lakini aliuliza.

"Tulikuwa hapo," nikasema. "Ingieni ndani mtafute. Chumba kwa chumba, hata chini ya vitanda."

Mzee akarudi nyuma hatua moja kama vile nimemwonyesha moto. "Hapana, binti. Siwezi kufanya hivyo."

"Nakuomba ufanye."

"Siwezi. Nimekuja kuuliza tu."

Wakaondoka kwa heshima nyingi, na heshima ile ndiyo iliyonitesa. Mdogo wangu alirudi kwenye pikipiki yake, akafuta mahali palepale alipokwisha kufuta.

"Wamesimama irembo, Dada," akasema.

"Nimeona."

"Kwani baba mdogo yuko wapi?"

"Kaenda Muleba asubuhi, kwenye harusi."

"Basi tuna siku chache."

Hazikuwa nyingi. Jirani yetu, yule mwenye kuku, alimpigia simu baba mdogo palepale Muleba na kumweleza kwamba kwa watoto wa marehemu kaka yake wazee wanatafuta kitu chao kilichopotea. Baba mdogo akatuma ujumbe kwa mdogo wangu: harusi ikiisha atakaa kwa shangazi apumzishe goti, Jumamosi anakuja, na tuwaite wenye kitu chao waje.

Wiki hiyo tulipekua kila kitu. Tulifunua nyasi zote tulizokuwa tumetandaza chini ya migomba, tukazirudisha, tukazifunua tena. Ijumaa jioni mdogo wetu wa mwisho akafika kutoka shule, bado na begi mgongoni, akatukuta tumepiga magoti kati ya migomba.

"Mnatafuta nini?"

"Kifimbo cha chuma cha mzee wa Muleba," nikasema. "Kile chenye kichwa kama mguu wa bata."

"Kile? Nilikiokota Jumamosi ile, nilipofuata fungu langu la nyasi baada ya mvua. Nikakitundika kwenye mlamula."

Mdogo wangu wa kiume akalala chali hapohapo kwenye nyasi. "Na hukusema!"

"Ningesema nini? Kilikuwa irembo. Mlipita hapo wote. Asubuhi naondoka hakikuwepo, nikajua mwenyewe kakifuata."

Alikuwa na haki. Lakini asubuhi ile ya Jumapili nilikuwa nimepitia njia ya nyuma kwenda misa, na kaka yake alikuwa na abiria, akarudi kwa njia ya barabarani isiyopita irembo. Hata hivyo tulikimbia mpaka kwenye mlamula. Hapakuwa na kitu ila majani yake.

Usiku ule nilifikiri sana. Kabla ya hapo ningeweza kusema hatujakiona, na ingekuwa kweli kwa upande wangu. Sasa nilijua kwamba kilipita mikononi mwetu, kikafika kwenye irembo letu, kikatoweka. Ukiisema habari hiyo kwa sauti inasikika kama uongo uliotungwa na mtu asiye na kipaji. Mdogo wangu wa kiume alishauri tunyamaze. Nilimwambia kesho nitaisema yote kama ilivyo, na tukihamishwa tutahamishwa tumesema kweli. Akavuta shuka kichwani. Baadaye kidogo akasema kutoka ndani ya shuka, "Basi useme wewe. Mimi nikisema watacheka."

Ndipo ikaja Jumamosi, na watu niliowataja mwanzoni.

Wachezaji walikaa kwenye benchi. Nilikuwa nimeandaa kahawa na ndizi za kuchoma, na hakuna aliyegusa. Kisha tukasikia hatua irembo, hatua moja nzito na moja nyepesi, na mlio mdogo katikati yake, tik, tik. Baba mdogo akatokea kati ya migomba amevaa koti lake la harusini. Alisalimia wazee kwa Kihaya, kwa utaratibu, akaketi kwenye kiti nilichomwekea, akasimamisha nkoni yake, yaani fimbo yake ya kutembelea, kati ya magoti, akaweka viganja vyote viwili juu yake.

"Nilisema nini siku ya matanga?" akaanza.

Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu alfajiri na sikutaka kutazama uso wa mtu yeyote, kwa hiyo nilitazama sakafu. Nikasema: mdogo wetu alikiokota kitu cha mzee baada ya mvua. Hakukiingiza ndani. Alikitundika kwenye mlamula kama baba alivyotufundisha. Asubuhi hakikuwepo, na hatujui kimekwenda wapi. Tunaomba radhi kwamba kimepotelea kwenye irembo letu.

Niliposubiri neno la mzee wa Muleba na lisije, nikainua macho. Mzee alikuwa amekaa wima kabisa, mdomo wazi kidogo, akitazama magoti ya baba mdogo. Mchungaji alikuwa anatazama huko huko. Mama wa dawa alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio. Hakuna aliyesema kitu. Mzee alinieleza baadaye kwamba mazoea ya Nairobi yalimshika: mtu mwingine yuko katika zamu yake, wewe unanyamaza.

Mdogo wangu wa kiume hakuwahi kuishi Nairobi.

"Taata," akamwambia baba mdogo, kama tunavyomwita baba kwa Kihaya, "hiyo nkoni umeitoa wapi?"

"Hii?" Baba mdogo akaiinua. Kichwa cha mguu wa bata kilikuwa juu, kiganjani mwake, kimeng'aa kwa kushikwa. Chini, kwenye mshikio, alikuwa amefunga kipande cha mpira wa baiskeli ili isiteleze. "Hii niliikuta hapa kwenu irembo Jumapili alfajiri nikielekea Muleba. Imetundikwa kwenye mlamula. Nikasema, mzee fulani kasahau nkoni yake, nami ndiye mkubwa wa ukoo, nimsaidie kumtafuta. Nimeuliza njia nzima. Pale Muleba nimeuliza harusini, nikauliza na kanisani baada ya misa: nani kapoteza nkoni ya chuma? Mzee mmoja akajitokeza, akaijaribu, akasema ni fupi."

"Taata," mdogo wangu akasema, na sauti ilikuwa imeanza kumkatika, "umepata pata."

"Nimepata nini?"

"Pata!"

"Si ndiyo nauliza, nimepata nini?"

Hapo mchungaji alishindwa. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Mama wa dawa akacheka hadi machozi. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anaruka uani akisema, "Niliitundika! Si nimewaambia niliitundika!" Mimi nilikaa chini pale pale nilipokuwa nimesimama, nikacheka wa mwisho na kwa muda mrefu kuliko wote.

Baba mdogo aligeuza kichwa kutoka uso mmoja hadi mwingine. Mchungaji alipoweza kusema alimweleza polepole, kwa Kihaya, pata ni nini na mwenyewe ni nani. Uso wa baba mdogo ulipitia mambo mengi. Mwishowe akasimama, akachechemea hatua mbili bila kitu cha kujishikiza, akamkabidhi mzee wa Muleba fimbo yake kwa mikono miwili.

"Wewe ulikuwa unatafuta pata," akasema. "Mimi nilikuwa naulizia nkoni. Tungekutana wapi?"

Mzee alifungua ule mpira wa baiskeli, akatazama mshikio uliolika kwa kokoto za barabara za Muleba. Akatoka na fimbo hadi uani, akalaza kikombe kitupu chini, akaweka mpira wa gofu mbali kidogo, akasukuma. Mpira ukapita pembeni ya kikombe alichokilenga.

"Imezoea kutembea," akasema. "Itabidi niifundishe upya kusimama."

Kahawa ikanywewa, ndizi zikaliwa. Mzee akasema kwamba kwa wachezaji wa gofu, aliyekuokotea fimbo unamnunulia kinywaji. Baba mdogo akakohoa na kujiweka sawa kitini, lakini mdogo wetu wa mwisho alikuwa ameshataja jina la soda anayoitaka, na aliipata Jumamosi iliyofuata. Mama wa dawa alinishika mkono jikoni, akaosha vikombe vyote. Mzee akafika siku nyingine na mkongojo wa mti wa mbuni aliouchonga mwenyewe, wenye urefu wa kumfaa baba mdogo.

Lakini siku ile ile, kabla watu hawajatawanyika, mchungaji alikuwa na swali moja.

"Mzee mwenzangu," akamwambia baba mdogo, "kwenu mtu akija kwenye irembo la mwenzake na kesi, ikaonekana kesi hiyo kaileta mwenyewe mkononi, anafanya nini?"

Baba mdogo alitazama juu kwenye migomba. Alijua, na sote tulijua. Anasema maneno mbele ya watu, kisha analeta kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kinanywewa palepale aliposimama.

Maneno aliyasema papo hapo. Alinigeukia mimi, si wadogo zangu, akasema: "Neno nililolisema siku ya matanga nimeliondoa. Kibanja hiki ni chenu, na mkubwa wake ni wewe. Mtu asije akalirudia." Kisha akaongeza, haraka kidogo, "Rubisi nitaleta. Ndizi bado hazijaiva."

Tangu wakati ule mdogo wetu wa mwisho amemaliza kidato cha nne. Mdogo wangu wa kiume ameoa, na wachezaji wamempa mpira mmoja mkuukuu autundike kwenye usukani. Vitu vinaendelea kutundikwa kwenye mlamula, na siku hizi pembeni yake kumechomekwa kibendera cha kitenge, ili watu wa adabu zote mbili waelewe.

Baba mdogo hupita karibu kila Jumapili akitoka misa. Namsikia kabla sijamwona: hatua nzito, hatua nyepesi, na mkongojo katikati. Akifika irembo anasimama.

"Hamjambo huko?"

"Hatujambo, Taata. Ndizi zimeiva?"

Anatazama migomba yangu, halafu anatazama upande wa migomba yake, kama vile inawezekana kuiona kutoka hapo.

"Bado kidogo," anasema, na kuendelea na njia yake.